Jibu: hadithi ya kibuyu kinachotunza sauti, na shairi lake

Mkuu, umeuliza kwa nini hadithi yako ya mke wa Mpwapwa, mkoani Dodoma, na kibuyu chenye sauti ya mume aliyekwenda Dar haiwagusi wasomaji, na kwa nini shairi la mwishoni "linapwaya". Wazo ni zuri sana, usilitupe.

Tuanze na kibuyu. Ulivyoandika, mke anakifungua, anasikiliza, anakifunga, kesho anarudia. Hapo hakina tofauti na simu. Kipe sharti moja linalouma: ndani mna sentensi moja tu, na ikitoka hairudi. Sasa kila siku anayojizuia kuzibua inaonyesha mapenzi, wala hutahitaji "alimpenda mno". Sharti lijulikane mapema, ndani ya robo ya kwanza. Likija mwishoni litaonekana umelibuni ili ujinasue.

Sauti iliingiaje? Usieleze. Nipe kibuyu cha kweli: kimekaushwa, kimetolewa mbegu, kimelowekwa mpaka uchungu ukaisha, ila mbegu mbili tatu zimegandia ndani. Siku mbegu hizo zinabanduka, akikisogeza kibuyu zinagonga, naye anashika kizibo kwa viganja vyote viwili akidhani sauti imeanza kutoka. Aya hiyo moja inatosha kubeba nusu ya hadithi.

Kuna tundu la kuziba pia. Kama mambo yanatokea baada ya 2024, treni ya SGR (reli ya kisasa) inamtoa mtu Dar hadi Dodoma kwa saa nne hivi. Umbali hauwezi kuwa sababu ya kutorudi. Irudishe hadithi nyuma, au tafuta sababu iliyo ndani ya mume mwenyewe (mimi ningechagua hii ya pili). Na ahadi yake isiwe tarehe, iwe mvua za kwanza. Huku kwetu Dodoma msimu wa mvua ni mmoja, Desemba hivi mpaka Aprili. Msomaji ataelewa kwamba asipofika wakati huo, mke atalima peke yake.

Shairi sasa. Umechagua tarbia: mishororo (mistari) minne kila ubeti, kila mmoja mizani (silabi) 16, vipande viwili, nane kwa nane. Mshororo wako "Mvua bado haijafika" umezidi mizani nane kwa kipande kimoja, ndiyo maana ulimi unajikwaa.  M ya "mlangoni" inasimama peke yake: m-la-ngo-ni, mizani nne. Lakini "vumbi" ni vu-mbi, mbili tu. Soma kwa sauti huku ukikunja vidole, usihesabu kwa macho. Nimejaribu kuusuka upya:

Kibuyu nimekishika, sauti yako i ndani,
Kizibo nimekiweka, nikalala kitandani,
Mawingu hayajafika, vumbi lipo mlangoni,
Nikifungua haraka, nitasalia na nini?

Angalia kina (silabi ya mwisho inayofanana) cha -ni. Ni rahisi mno, na kwa urahisi huo "moyoni" na "jamani" hujipenyeza bila kazi yoyote. Kwako nimezikuta mara tano. Bakiza kinachoonekana: kitanda, mlango, vumbi. Inkisari (kufupisha neno) na mazida (kulirefusha) zinaruhusiwa, ila katika ubeti mmoja zikizidi mbili msomaji anaona jasho la mtunzi.

Shairi lako linasimulia upya yaliyokwisha kusimuliwa, kwa hiyo mwishoni halina kazi. Lipeleke katikati, usiku mmoja kabla ya mvua, liwe ndilo usiku wenyewe. Usiuandike tena usiku huo kwa nathari (maelezo ya kawaida).

Halafu kizibo kizibuliwe. Msomaji amesubiri kiangazi kizima, usimwache mlangoni. Mvua inyeshe, mume asionekane, mke azibue. Sentensi isiwe "nakupenda". Ningeweka hii: "Mbegu ya uwele iko kwenye kihenge kidogo, usiisage."