Kabla Hujasajili Timu Ligini, Hesabu Viti vya Gari

Mimi ni katibu wa timu ya mpira ya mtaa hapa Likoni, huu msimu wa sita. Vijana wanaotaka kusajili timu huniuliza watapata wapi kocha. Kocha utampata tu; Mombasa hii kila baraza lina makocha watatu. Mimi huwauliza: mechi za ugenini mtaenda na nini?

Ukiwa ligi ya kaunti hujaona kitu. Unavuka feri, unacheza uwanja wa Serani au wa Bomu kule Changamwe, ikifika magharibi uko nyumbani. Taabu huanza mkipanda daraja kwenda ligi ya juu. Leo Malindi, kilomita kama 120, kesho kutwa Voi, mbali zaidi.

Safari yetu ya kwanza ya Malindi tulikodi matatu ya abiria 14. Piga hesabu: wachezaji 11, kocha, mimi na mfuko wa jezi, na mchezaji mmoja tu wa akiba. Dakika ya 20 kipa akateguka kifundo. Yule wa akiba ni winga, mfupi kama mimi, akapewa glavu zinazompwaya. Tulifungwa sita. Kurudi, garini kimya mpaka Mtwapa, ndipo mtu akauliza kama kuna aliyebakisha mahamri. Tangu hapo twakodi gari la viti 33, na viti vinavyobaki twawauzia mashabiki. Shabiki analipa nauli, anaimba, na mechi ya pili anakuja na shemeji yake.

Jambo la pili ni kazi za watu. Sheria za mpira haziruhusu mechi kuanza timu ikiwa na wachezaji chini ya saba, na usicheke, yaweza kukufika. Hawa vijana ni wa tuktuk, bodaboda na vibarua vya bandarini. Akiitwa kazini Jumapili ataenda, na usigombane naye, ana watoto. Wapigie Alhamisi usiku, mmoja mmoja. Ujumbe wa kundi hujibiwa na wale wale wanne.

Kadi za usajili za wachezaji zikae kwa mtu mmoja. Pesa za waamuzi mkiwa wenyeji ziwekwe kando Ijumaa, kabla hujanunua hata maji.

Michango je? Wazee watakukumbusha kwamba klabu ya Feisal ya hapa hapa Mombasa ilikuwa bingwa wa Kenya mwaka 1965. Wasikilize mpaka mwisho, kisha watolee daftari la michango.

Na feri: msivuke na gari. Sisi twavuka kwa miguu, gari latungoja upande wa kisiwani. Mechi ya saa tisa Malindi, saa mbili asubuhi twang'oa nanga. Anayechelewa hujilipia nauli, hata awe nahodha. Wetu ameshajilipia mara mbili.