Ukingo uliokunjwa na jeki
Ndugu, ukingo wa bati chini ya mlango uliokunjwa na jeki kwa kawaida haulidhoofishi gari, ikiwa umepinda tu bila kupasuka. Unyooshe taratibu kwa koleo, pakwaruze, kisha upake rangi ya kuzuia kutu siku hiyo hiyo, kwani kwa hewa yetu ya chumvi hapa Unguja bati lililobaki wazi huliwa upesi. Nimenyoosha kingo nyingi za namna hii, na karibu zote jeki ilikuwa imewekwa nje ya sehemu iliyo kati ya yale mapengo mawili madogo kwenye ukingo, yanayoonesha palipoimarishwa kwa ajili ya jeki. Hata hivyo, ikiwa sakafu nayo imebonyea, tafadhali usiliendeshe kabla ya kukagua mabomba ya breki na ya mafuta yanayopita hapo.