Reval na Tallinn ni mji mmoja

Ndugu, umeuliza kwa nini ramani za zamani za Estonia zinaonyesha Reval na za leo Tallinn. Mji ni uleule, mji mkuu wa Estonia. Reval ndilo jina walilolitumia Wajerumani na Waswidi. Tallinn ni la Waestonia wenyewe, na wengi hulifasiri kuwa "mji wa Wadenmaki", maana mfalme Valdemar II wa Denmark aliuteka mwaka 1219.

Cha kuchekesha, Wadenmaki hawakufukuzwa. Mwaka 1346 waliiuza Estonia ya kaskazini, mji ukiwemo, kwa wapiganaji wa Kijerumani wa vita vya msalaba, kama mtu anavyouza shamba! Mwaka 1561 ukaenda kwa Waswidi, na 1710 ukasalimu amri kwa Warusi huku tauni ikiwamaliza watu.

Karne ya 20 ndiyo ilikuwa vurugu tupu. Uhuru ulitangazwa tarehe 24 Februari 1918, kesho yake jeshi la Ujerumani likaingia. Ukitaka kuifuata hadithi hiyo, tazama mnara wa Pikk Hermann pale kilimani Toompea. Septemba 1944, Wajerumani waliorudi katika Vita vya Pili vya Dunia walipokuwa wanaondoka, Waestonia walipandisha bendera yao ya buluu, nyeusi na nyeupe. Ilipepea siku chache tu, Wasovieti wakaishusha. Ilirudi Februari 1989, Umoja wa Kisovieti ukiwa bado upo, na uhuru wenyewe ukaja Agosti 1991.