Kona ya Shangazi Fundi: Ukuta mtupu na elfu kumi na tano mfukoni

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na kilio kimoja: nyumba ina kochi, ina televisheni, ina pazia, lakini ukuta uko mtupu na picha za dukani hazishikiki bei. Nimechagua barua tano. Ambao sijawajibu wanivumilie, cherehani yangu nayo inanidai.

Shikamoo Shangazi. Nimepanga chumba na sebule Mbagala. Mwenye nyumba hataki kusikia habari ya msumari, na ukuta umepakwa chokaa, ukibandika seloteipu inabanduka na rangi yake. Nina shilingi 15,000 tu. Nifanyeje sebule isifanane na stoo? — Mpangaji, Dar es Salaam

Marahaba mwanangu. Hiyo 15,000 usiimalizie kwenye picha. Wengi huniuliza wachore nini, na mimi kila nikiingia kwenye nyumba ya mtu naona kinachoharibu kazi ya mkono ni kule nyuma: fremu imepinda, kamba imelegea, kitu kinaning'inia upande. Picha utaipata bure au karibu na bure. Fedha iende kwenye mbao.

Fungua sanduku la mama yako. Hakosi doti iliyobaki upande mmoja, mwenzake kaishia kwenye mbeleko. Upande mmoja wa khanga una kama sentimita 150 kwa 110, na umeshachorwa na mtu anayejua kazi yake: pindo kuzunguka, mji katikati, jina chini. Ifue kwanza ili wanga utoke na kitambaa kijikunje mapema, kisha ipige pasi.

Nenda kwa seremala na hesabu hii. Mbao mbili za inchi 1 kwa 2, za futi 12 kila moja. Kila ubao akate kipande cha sentimita 200 na kingine cha sentimita 140. Vile virefu vinasimama, vile vya 140 vinalala: kimoja juu kabisa, kingine mita moja chini yake. Mwombe na kipande cha mabaki ya karakana yake cha kupita katikati ili fremu isipinde, maana vitakavyobaki kwenye mbao zako ni vifupi mno. Sasa una fremu yenye miguu miwili ya mita moja. Isimamishe nyuma ya kochi, kisha sukuma kochi liibane ukutani. Khanga itaonekana juu ya kochi, miguu haionekani, na mwenye nyumba akija kukagua hakuna hata tundu la sindano. Ukiwa na watoto wanaoruka juu ya makochi, funga fremu kwa kamba kwenye nondo ya dirisha kama iko karibu.

Kuvuta kitambaa ndipo penye kazi. Laza khanga kifudifudi juu ya mkeka safi, weka fremu juu yake. Anza kupiga pini katikati ya upande wa juu, kisha katikati ya upande wa chini, kisha kushoto, kisha kulia. Ndipo usogee kidogo kidogo kuelekea pembeni, ukibadilisha pande. Anayeanzia kwenye kona atamaliza na pindo linalopanda mlima. Kama huna stepla, misumari midogo ya fundi viatu inafaa, au mwombe fundi makochi wa mtaani akupigie. Kwake ni kazi ya dakika chache.

Soma jina kabla hujatundika. Mgeni atakaa chini ya maneno hayo saa nzima. "Japo sipati tamaa sikati" halimkwazi mtu. Mengine yalitungwa kwa ajili ya mke mwenza, na wifi yako akikaa chini yake msilaumiane. Na tafadhali, usikate khanga ukaacha jina nusu ili itoshe fremu ndogo. Tengeneza fremu kubwa. Ukuta mmoja na kitu kimoja kikubwa hushinda vipicha tisa vilivyotawanyika.

Shangazi, kila nikivuka Rusumo naziona zile picha za Wanyarwanda zenye mistari iliyoinuka, nyeusi, nyeupe na nyekundu. Nasikia ni kinyesi cha ng'ombe. Naweza kutengeneza nyumbani na nyumba isinuke? — Mwalimu, Ngara

Hizo ni imigongo, Mwalimu, na wewe unakaa jirani na penyewe. Nyakarambi, wilaya ya Kirehe, iko kwenye barabara hiyohiyo unayoipita, na pana ushirika wa akina mama wanaozitengeneza. Asili yake ni Gisaka, mashariki mwa Rwanda, na masimulizi humtaja Kakira, mwana wa mfalme, kuwa ndiye aliyeanza kupamba kuta za ndani ya nyumba yake. Zamani zilifinyangwa ukutani moja kwa moja. Baada ya mauaji ya kimbari ya 1994 ni wanawake walioishika tena kazi hii, na leo hufanywa zaidi juu ya mbao ili iweze kubebeka na kuuzwa.

Ndiyo, ni kinyesi cha ng'ombe, kikiwa kibichi, kimechanganywa na majivu. Majivu yanapunguza harufu, na kikishakauka kabisa hakinuki. Chukua kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40, kikwaruze kwa msasa ili kishike. Chora kwa rula na penseli. Huu ni mchoro wa pembe na mistari, mkono mtupu utakuaibisha. Chagua kinyesi kisicho na nyasi ndefu, chekecha majivu, kanda pamoja mpaka ukikifinyanga hakimeguki. Bandika kwa vidole kufuata mstari, uinuke kama unene wa kidole kidogo, ukilainisha pande zote mbili. Kausha kivulini kwa siku kadhaa. Juani utapasuka, na ukipasuka hakuna rangi itakayouficha. Kikishakauka, piga msasa laini, ndipo upake rangi.

Rangi zenyewe za asili ni za ardhini: nyeupe ya udongo mweupe, nyekundu ya udongo mwekundu, na nyeusi inayopatikana kwa kuchoma na kupika mimea, mshubiri ukiwemo. Rangi ya maji ya dukani nayo inakubali.

Kama nyumbani hawatakuelewa na kinyesi, tumia unga wa mbao kutoka kwa seremala, wanakupa bure, uchanganye na gundi nyeupe ya mbao. Weka tabaka mbili nyembamba badala ya moja nene. Utapata umbo lile, ingawa mimi nikigusa najua tofauti. Ile ya kinyesi ina wepesi wake. Nakushauri siku moja ushuke Nyakarambi ununue kipande kidogo kabisa, upitishe kidole juu ya ule mgongo wa mstari. Kidole kitakufundisha kuliko barua yangu. Halafu mgeni akikusifu, mwambie kazi hii ni ya wapi.

Shangazi, nilitengeneza picha ya vipande vya vitenge juu ya boksi kwa gundi ya unga wa muhogo. Masika yalipoingia ikapinda, ikaota ukungu, na mende wakaitafuna. Kosa ni nini? — Pangani

Uliwapikia. Uji wa muhogo ni chakula, mende hawakujua umekusudia gundi.

Tumia gundi nyeupe ya mbao iliyozimuliwa kwa maji kidogo. Boksi linapinda kwa sababu limelowa upande mmoja na kujivuta upande huohuo, kwa hiyo paka gundi mbele na nyuma, ligandamize chini ya godoro usiku kucha likiwa katikati ya karatasi za nailoni. Mtu asiye na uwezo wa gundi ya dukani anaweza kutia matone ya mafuta ya karafuu kwenye uji, yanachelewesha ukungu. Mende siwaahidi.

Jambo la pili ni ukuta wenu. Nyumba zetu za pwani hutoa jasho wakati wa mvua. Gundisha kizibo cha soda nyuma ya kila kona ya picha ili hewa ipite, na epuka ule ukuta unaopigwa na mvua kwa nje.

Shangazi, mume wangu amebakiwa na makopo ya rangi ya mafuta baada ya kupaka geti. Nataka kuwachorea watoto chui na ndege wa Tingatinga. Sijawahi kuchora. Halafu, siyo kuiba kazi ya mtu? — Mama wa mapacha, Morogoro

Mama Mapacha, rangi ya geti ndiyo yenyewe. Edward Saidi Tingatinga, mtoto wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwaka 1968 hakuwa na turubai wala rangi za wasanii. Alitumia vipande vya mraba vya hadibodi, vya kama sentimita 60, na rangi ya mafuta ya kupakia baiskeli. Picha zikauzwa nje ya Morogoro Stores, Oysterbay. Mwaka 1972 polisi walimpiga risasi kwa kumdhania mhalifu, akafa akiwa na miaka minne tu ya kuchora. Ndugu na vijana aliowafundisha ndio walioendeleza mtindo hadi leo. Kwa hiyo kujifunza mtindo si wizi. Wizi ni kunakili picha ya mchoraji fulani ukaiuza kama yako.

Anayeogopa kuchora nampendekezea huu mtindo kuliko mwingine wowote. Paka hadibodi nzima rangi moja ya chini, upande ule laini, iache ikauke kabisa. Chora mnyama mmoja tu anayejaza ubao, hata mkia ukigusa ukingo ni sawa. Mjaze rangi, acha akauke, kisha mistari, kisha madoa. Papara kati ya hatua hizi inakuletea tope. Na si lazima awe chui ambaye watoto hawajamwona. Mchoreni kuku wa nyumbani kwenu, pacha mmoja aweke madoa, mwingine aweke macho. Madoa yasiyolingana yana raha yake.

Tahadhari moja nzito. Rangi za mafuta za zamani zinaweza kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu kwa watoto. Kama kopo halisemi kwamba haina risasi, liache kwa geti, ununue kopo dogo linalosema hivyo. Pakeni nje, burashi mzioshe kwa mafuta ya taa mkiwa mbali na moto, na picha isiingie chumba cha kulala mpaka harufu iishe. Wala usipake rangi hiyo moja kwa moja juu ya ukuta wa chokaa, itabanduka magamba.

Shangazi, marehemu bibi ametuachia nyungo tatu na kawa nne za kufunikia chakula. Mamangu ataka zitundikwe sebuleni, mimi naona ni vyombo vya jikoni. Na zikitundikwa, ziwe urefu gani? — Likoni

Mamako yuko sawa, na poleni kwa msiba. Kawa iliyosukwa kwa mkono ikikaa jikoni inakula moshi na mafuta bure.

Zipangeni kwanza sakafuni, muhame nazo mpaka mridhike, ndipo mguse nyundo. Kubwa kuliko zote isikae katikati. Msitoboe suko, pitisheni uzi wa nailoni nyuma, kati ya ukili na ukili. Vumbi mlitoe kwa brashi kavu, maji yatachujisha rangi.

Kuhusu urefu, kwenye majumba ya makumbusho katikati ya picha hukaa kama sentimita 145 hadi 150 kutoka sakafuni, kwa sababu watazamaji wamesimama. Ninyi mkiwa watu wa kukaa mkekani, shusheni mpaka 110. Msumari wa zege wa inchi moja unatosha, kawa haina uzito.