Pango Lisilo na Wenyewe Halichezeki

Msomaji wa Sengerema ameniandikia: "Kaka, wachezaji wangu wakishaingia pangoni wanaanza kuchezea simu. Nifanyeje?" Anasema juu ya mchezo wetu wa kuigiza mezani: mmoja, mwendesha mchezo, anasimulia pango na wakazi wake, wengine wanasema wahusika wao wanafanya nini, na dadu zinaamua matokeo. Swali limenikuta na furaha, maana Jumamosi iliyopita kundi langu hapa Kirumba, Mwanza, liligoma kwenda kula mpaka lijue nani atamsaliti nani.

Pango langu liko chini ya mawe ya Capri Point. Humo wanaishi wavuvi waliolaaniwa, wasiotoka ila usiku wa giza, wakati wa dagaa. Wanaishi pia kenge wanaosema. Kenge wanaijua njia ya kutokea ziwani, wavuvi ndio wenye taa. Wanahitajiana na hawaaminiani. Wachezaji walipofika, ugomvi ulishaanza zamani. Wakamkuta kenge anauguza jeraha, na badala ya kuchomoa upanga, binti mmoja akamuuliza, "Nani kakuumiza?" Basi! Kuanzia hapo kazi yangu ikawa kujibu maswali tu, hadi usiku mkubwa. Najivunia sana usiku ule.

Kwa hiyo mpe kila mkazi wa pango shughuli yake kabla wachezaji hawajafika. Anataka nini? Anamwogopa nani? Akifukuzwa atakimbilia wapi? Zimwi anayesimama chumbani akingoja kuuawa ni sanamu.

Na someni kanuni za zamani za michezo ya aina hii. Katika Dungeons & Dragons ya mwaka 1974, ya Gary Gygax na Dave Arneson, kila dakika kumi za pangoni mwendesha mchezo anarusha dadu, na ikitoka sita, kuna kiumbe anakuja. Kanuni za mchezo huohuo za 1981 zina dadu mbili za kuamua kama mnayekutana naye atashambulia au atasikiliza, na mwenge unazima baada ya saa moja. Vijana wanaziruka kurasa hizo, kisha wanalalamika pango limepoa.

Kuna mtu aliwahi kuniambia mbele za watu kwamba mchezo huu kwa Kiswahili hauendi. Bado inaniuma. Ndugu zangu, acheni kuazima ngome za Ulaya ambazo hamjawahi kuziona! Mawe tunayo, ziwa tunalo, pimbi wa kisiwa cha Saanane wanatosha kuwa walinzi wa mlango.

Jambo jingine: wachezaji wakitoka kwenda kutibiwa, pango lisiwasubiri. Wangu wanarudi wiki ijayo, na kenge wameshaiziba njia ya ziwani.