Maswali yenu: boti ya faiba iliyopauka

Shikamoo fundi. Nimenunua Laser ya zamani, ile boti ndogo ya tanga ya faiba. Sitaha yake ilikuwa ya buluu, sasa imepauka, na nikipitisha kiganja kinatoka na vumbi jeupe. Jamaa zangu wananiambia niipake rangi tu, yaishe. Nifanyeje? (Tanga)

Marahaba. Rangi iache kwanza. Lowesha kitambaa kwa maji safi, pangusa sehemu ndogo, uitazame ikiwa bado mbichi. Buluu ikirudi, kisha ikapotea maji yakikauka, ujue rangi yako ya asili bado ipo na kilichoharibika ni juu juu tu. Jelikoti, lile tabaka la resini yenye rangi linalotangulia kwenye kalibu kabla ya nyuzi za faiba, lina unene wa karibu nusu milimita. Jua linaivunja resini ya juu, unabaki unga, na ndio huo unaokushika mkononi.

Ioshe boti kwa sabuni ya maji, isuuze, iache ikauke. Vaa glavu, uifute kwa asetoni mahali penye hewa na mbali na moto, ukibadilisha kitambaa mara kwa mara. Kitambaa kichafu kinarudisha nta kuukuu palepale ulipoitoa. Halafu jaribu kampaundi, ile dawa nzito ya kusugulia inayokwangua kidogo kidogo, kwa mkono, sehemu ndogo karibu na tezi, yaani nyuma ya boti. Ukiona inang'aa, endelea na boti nzima. Ukipata mashine ya polishi, iendeshe taratibu, kipande kwa kipande, na usiiache isimame mahali pamoja kwani joto linaunguza jelikoti. Kingo fanya kwa mkono: huko jelikoti huwa nyembamba na mashine inakula haraka.

Fanya kazi hii asubuhi, kivulini. Kampaundi ikikaukia kwenye jua la saa saba mchana, kuitoa ni kazi nyingine. Na vile vipele vya kuzuia utelezi kwenye sitaha visugue kwa brashi ngumu, kwa sababu kampaundi hujificha humo na kukauka nyeupe. Ukimaliza paka nta ubavuni, kwenye vipele usipake kabisa. Utateleza siku ya upepo mkali, na siku hiyo ndiyo unayohitaji miguu yako.

Fundi wa hapa anataka kuanza na msasa namba 240 ili "amalize mara moja". Ni sawa? (Kilifi)

Mzuie. Namba 240 ni ya kuandaa boti inayokwenda kupakwa rangi upya. Kama nia ni kurudisha mng'ao, mikwaruzo ya 240 itamlazimu ale jelikoti nyingi ili kuifuta, na ukumbuke ana nusu milimita tu ya kuchezea. Aanze na kampaundi. Ikishindwa, msasa wa maji namba 1000, kisha 1500, kwa maji mengi na kipande cha mpira kati ya msasa na vidole ili vidole visichimbe mifereji. Akianza kuona alama za nyuzi chini ya rangi, jelikoti imekwisha na msasa usimame hapo hapo.

Marehemu babu alikuwa akipaka mashua yake sifa, yaani mafuta ya papa, na mbao zilidumu miaka mingi. Naweza kuipaka boti yangu ya faiba? (Pemba)

Babu alijua alichokuwa akifanya. Mbao hunywa mafuta, na sifa ikiingia huzuia ukavu na kupasuka. Faiba hainywi. Sifa itakaa juu, itanata, itakusanya vumbi, na siku utakayotaka kupaka rangi, rangi itakataa kushika.

Kuna nyufa nyembamba zimetawanyika kuzunguka shimo la mlingoti wa Laser yangu. Polishi itazificha? (Dar es Salaam)

Pengine itazificha kwa muda, na hilo ndilo linaloniogopesha. Nyufa za namna hiyo mahali panapobeba mzigo mara nyingi zinaonyesha kwamba faiba ya chini inapinda. Simamisha boti sawasawa, jaza maji kwenye shimo la mlingoti, weka alama ya kina, urudi baadaye. Maji yakiwa yameshuka, yanaingia ndani ya boti. Usiipeleke baharini. Mlingoti ukichomoka ukiwa mbali na ufuo, unaweza kuondoka na kipande cha sitaha. Tengeneza kwanza, mng'ao baadaye.

Niliing'arisha ikapendeza, lakini haikuchukua muda imepauka tena. Na huku maji ya ziwa hayana chumvi! (Mwanza)

Chumvi haikuwa adui mkubwa. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na jua la huko ni kali kuliko la pwani. Ukishaondoa unga bila kupaka nta, umeliacha tabaka jipya wazi. Paka nta kila baada ya miezi michache, na boti ikiwa nchi kavu ifunike kwa turubai iliyoinuliwa kidogo ili hewa ipite chini yake. Turubai ndiyo kinga bora kuliko chochote kilichomo kwenye kopo.

Yangu imekwisha kabisa, nyuzi zinaonekana. Kuna tumaini? (Mombasa)

Lipo. Sehemu ndogo ziba kwa jelikoti mpya, na ukishapaka funika kwa karatasi ya nailoni, maana jelikoti ya kawaida ikiguswa na hewa hubaki inanata juu. Ikiwa ni boti nzima, hapo ndipo rangi inapostahili: rangi ya msingi ya epoksi, kisha rangi ya poliurethani ya kopo mbili kwa rola na brashi. Usiipulize kwa bomba. Hadina yake, ile ya kopo la pili inayoigandisha rangi, inadhuru mapafu, na barakoa ya kawaida ya vumbi haizuii mvuke wake.