Ukienda Kusoma Uchumi Chuo Kikuu, Anza na Hisabati

Kila mwaka matokeo ya kidato cha sita yanapotoka na dirisha la maombi ya vyuo likafunguliwa, vijana wa hapa Moshi na wazazi wao huniuliza kuhusu shahada ya uchumi, kwa kuwa ndiyo niliyoisoma na ndiyo inayonipa kazi mpaka leo. Swali la kwanza huwa ni la ajira, na la pili huwa ni kama masomo yenyewe ni magumu. Mimi hupenda kuanza na la pili, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua la kwanza. Ugumu wa uchumi uko kwenye hisabati. Mwanafunzi anayeikabili hisabati katika muhula wa kwanza huifurahia miaka yake mitatu, na anayeikwepa huweza kuhitimu akiwa na maneno yote ya wachumi mdomoni bila kuweza kuifanya kazi yao.

Wengi huingia chuoni wakitoka tahasusi za HGE (Historia, Jiografia na Uchumi) na ECA (Uchumi, Biashara na Uhasibu), ambako hisabati waliyoisoma ni ile ya msingi iitwayo BAM, na wachache hutoka EGM (Uchumi, Jiografia na Hisabati) wakiwa wamesoma hisabati ya juu. Wote huketi darasa moja, na ndani ya majuma machache mhadhiri huwa amekwisha kufika kwenye kalkulasi. Hakuna anayewasubiri waliosahau. Baada ya hapo takwimu hufuata, kisha katika mwaka wa pili huja njia ya Lagrange ya kutafuta uamuzi bora wa mtu mwenye kipato chenye kikomo, na baadaye ekonometriki, yaani kupima nadharia za uchumi kwa takwimu halisi, ambayo hukusanya yote yaliyotangulia na kumtaka mwanafunzi ayatumie kwa pamoja. Aliyeruka hatua ya kwanza hulipa deni hilo katika kila hatua inayofuata, na kwa kawaida hulilipa kwa sapu, yaani mtihani wa marudio.

Ni vyema kuelewa kwa nini hisabati imewekwa pale, kwa maana wapo wanaodhani imewekwa ili kuwachuja watu. Swali ambalo mchumi huliuliza kila siku ni moja: kitu hiki kikiongezeka kidogo, kile kingine kitabadilika kwa kiasi gani? Nauli ya daladala ikipanda shilingi 100, ni abiria wangapi watatembea kwa miguu? Mwenye kiwanda akiajiri kibarua mmoja zaidi, uzalishaji utaongezeka kiasi gani, na je, ongezeko hilo litalipa ujira wake? Kalkulasi ni njia ya kuliuliza swali hilohilo kwa usahihi. Ukiliona hivyo, utaacha kukariri kanuni na utaanza kuuliza kila kanuni inapima nini.

Kwa hiyo ushauri wangu ni kwamba kabla hujaripoti chuoni, utafute vitabu vyako vya kidato cha tano na cha sita uyarudie mambo matatu: kutafuta mteremko wa mstari, kutafuta mahali ambapo thamani hufikia kilele au huwa ndogo kuliko zote, na msingi wa uwezekano katika takwimu. Ukifika chuoni, fanya maswali kwa mkono wako kila jioni, ukiwa na kalamu na karatasi, hata siku ambayo hakuna kazi iliyotolewa. Madesa yatakujia kwa wingi kwenye simu kutoka kwa waliokutangulia, na sisemi uyakatae, kwa sababu maswali ya mitihani iliyopita yana faida kubwa. Ila desa lililokwisha kujibiwa lisomwe baada ya wewe mwenyewe kujaribu swali hadi mwisho. Kulisoma jibu la mwenzio hutoa hisia ya kuelewa, na hisia hiyo huyeyuka ndani ya chumba cha mtihani.

Jambo la pili, ambalo kwangu lina uzito ule ule, ni kuipeleka kila mada mahali unapoweza kuiona, na wanaosoma katika mikoa hii wamebahatika sana. Chukua unyumbufu wa mahitaji, yaani kipimo cha jinsi kiasi kinachonunuliwa kinavyobadilika bei inapobadilika, mada inayofundishwa mwanzoni kabisa na inayokaririwa kuliko nyingine. Tuseme tenga la nyanya katika soko la Mbuyuni linauzwa shilingi 20,000 na muuzaji anauza matenga 10 kwa siku. Mavuno yanapokuwa mengi bei inashuka hadi shilingi 16,000, naye anauza matenga 11. Wastani wa bei hizo mbili ni 18,000, kwa hiyo bei imeshuka kwa takriban asilimia 22. Wastani wa matenga ni 10.5, kwa hiyo mauzo yameongezeka kwa asilimia 9.5 hivi. Gawanya la pili kwa la kwanza upate 0.43. Namba hiyo iliyo chini ya 1 inakueleza kwamba mapato yameshuka kutoka shilingi 200,000 hadi 176,000 ingawa mzigo uliouzwa umeongezeka. Hapo ndipo utakapoelewa kwa nini mkulima hulalamika katika mwaka ambao shamba lilizaa vizuri, na kwa nini malalamiko yake si ya uvivu wala ya kutoridhika. Tarakimu hizo nimezitunga kwa ajili ya mfano. Zako ziulizie sokoni mwenyewe, kwa adabu na wakati ambao hakuna wateja wengi.

Kahawa ni darasa kubwa zaidi, na nashangaa mwanafunzi anapoweza kuishi Moshi kwa miaka mitatu, mji wenye makao ya Bodi ya Kahawa na unamofanyika mnada wa kahawa, akimaliza bila kujua bei ya arabika inatokea wapi. Tanzania huzalisha sehemu ndogo sana ya kahawa ya dunia, na bei ambayo wanunuzi huitazama hupangwa kwenye soko la New York. Mbuni huchukua miaka mitatu au minne tangu kupandwa hadi kuanza kuzaa, hivyo bei ikipanda leo mkulima hawezi kuongeza mzigo msimu huu, na mnywaji naye hapunguzi vikombe vyake kwa urahisi. Ugavi na mahitaji vinapokuwa vigumu kubadilika kiasi hicho, mshtuko mdogo hutikisa bei kwa nguvu. Baridi kali ilipoteketeza mibuni ya Brazil mwezi Julai 1975, bei ilipaa na kuendelea kupaa hadi 1977. Mfumo wa kimataifa wa kugawana viwango vya mauzo ya nje ulipovunjika mwezi Julai 1989, bei ilianguka vibaya, na wakulima wengi wa Kilimanjaro wakaipa mibuni kisogo wakageukia mazao mengine.

Ukilielewa hilo, utaelewa pia kwa nini ushirika ulizaliwa mapema katika mkoa huu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa wa Kilimanjaro, kilianzishwa mwaka 1933, kwa kuwa wauzaji wengi wadogo wakisimama mbele ya wanunuzi wachache hawana sauti katika bei. Kitabu cha mwaka wa pili kitakuchorea michoro ya soko lenye mnunuzi mmoja, nawe utakuwa unaujua mfano wake. Fuatilia na yaliyofuata: vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa na serikali mwaka 1976, sheria ya 1982 ikavirudisha, na katika msimu wa 1994 wanunuzi binafsi wakaruhusiwa kununua kahawa kwa wakulima. Kila badiliko kati ya hayo ni swali la mtihani lililokwisha kutokea katika maisha ya watu, na wazee waliolishuhudia bado wapo Kibosho, Machame na Marangu. Wasalimie vizuri, keti nao, wasikilize.

Hapo naongeza shauri moja kuhusu lugha. Masomo hutolewa kwa Kiingereza, na mwanafunzi mwenye bidii huweza kuikariri aya nzima ya kitabu akaiandika kwenye mtihani bila kuielewa hata kidogo. Baada ya kila mhadhara, mweleze mwenzako kwa Kiswahili mlichofundishwa, mwanzo hadi mwisho, bila kuangalia daftari. Ukikwama, umepata mahali pa kurudia kusoma. Kikundi changu cha masomo kilikuwa na desturi hiyo, na aliyetufaa kuliko wote alikuwa binti aliyetoka kwenye biashara ya mitumba ya mama yake Kiboriloni, kwa sababu kila nadharia aliiuliza swali lililotufanya tuirudie: mtu huyu wa kwenye kitabu amejuaje bei zote? Ni swali zuri mno. Wachumi wameliandikia sana tangu miaka ya 1970, na George Akerlof ni miongoni mwa waliopata tuzo ya Nobel mwaka 2001 kwa kuchunguza masoko ambayo upande mmoja unajua ubora wa bidhaa na mwingine haujui. Anayefungua belo la mitumba bila kujua kilichomo ndani anaishi ndani ya tatizo hilo.

Nadharia zisikutishe, wala usizisujudie. Mwaka 1968 Garrett Hardin, mwanaikolojia wa Marekani, alieleza kwamba malisho yanayotumiwa na wote huishia kuharibiwa, kwa kuwa kila mmoja huongeza mifugo yake na hasara hubebwa na wote. Hoja hiyo ina nguvu, na utafundishwa kwamba dawa yake ni serikali au umiliki binafsi. Lakini wakazi wa mteremko wa Kilimanjaro wamegawana maji ya mifongo, yaani mifereji ya asili, kwa vizazi vingi, kwa zamu zinazojulikana, kwa siku za pamoja za kusafisha mifereji, na kwa faini kwa asiyefika. Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupata Nobel ya uchumi, mwaka 2009, alionyesha kwa mifano ya Uswisi, Japani, Hispania na Ufilipino kwamba jamii huweza kutunza mali ya pamoja zikiwa na kanuni, uangalizi na adhabu walizokubaliana wenyewe. Mwanafunzi wa Moshi anaweza kuipima hoja ya Ostrom kwa macho yake mwishoni mwa juma, na pia kuona mahali inapoyumba, pale ambapo maji yamepungua na watumiaji wameongezeka. Jizoeze kuuliza kila nadharia imechukulia nini kuwa kweli kabla ya kutoa jibu lake.

Uchumi mkubwa, yaani uchumi wa nchi nzima, huonekana kuwa mbali zaidi, ila nao unafikika. Benki Kuu ilianza Januari 2024 kuendesha sera ya fedha kwa kutumia riba ya Benki Kuu, ikaanzia asilimia 5.5 na kuipandisha hadi asilimia 6 mwezi Aprili mwaka huohuo. Taarifa za Kamati ya Sera ya Fedha hutolewa kwa umma, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu hutangaza mfumuko wa bei kila mwezi. Zisome mfululizo, uandike mwenyewe njia ambayo riba hiyo hupita hadi kumfikia mwenye duka anayetaka kukopa. Vivyo hivyo kwa biashara ya kimataifa: Arusha ndiko yaliko makao makuu ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, na tangu Julai 2022 ushuru wa pamoja wa forodha una daraja la asilimia 35 kwa baadhi ya bidhaa kutoka nje ya Jumuiya, zikiwemo samani na bidhaa za ngozi. Chora mchoro wa ushuru uliofundishwa darasani, kisha ujiulize mnunuzi wa viatu anapoteza nini na kiwanda cha ngozi kilichoko hapa Moshi, Karanga, kinapata nini.

Kuhusu vifaa sitasema mengi. Kompyuta ya bei nafuu inatosha. Jifunze Excel vizuri katika mwaka wa kwanza na R, programu ya kuchambua takwimu, katika mwaka wa pili, kwa kuwa R hupatikana bure, na usisubiri somo la ekonometriki ndipo ufungue programu kwa mara ya kwanza. Bumu, yaani fedha ya mkopo wa wanafunzi, likitoka, weka kando kwanza fedha ya chakula na ya vifurushi vya intaneti.

Kuhusu ajira, mama mmoja jirani yetu wa Majengo aliniuliza, "Mwanangu, huyu akimaliza atakuwa mhasibu, au atakuwa mtu wa benki?" Nilimjibu, "Mama, anaweza kuingia benki, halmashauri, mashirika au utafiti, lakini cheti peke yake hakitamwingiza. Kitakachomwingiza ni kuweza kuchukua takwimu zilizovurugika akazisafisha, akazichambua, na akaandika kurasa mbili ambazo mkurugenzi ataziamini." Sikumficha kwamba nafasi ni chache kuliko wahitimu. Mzazi anayelipa ada anastahili kuambiwa hivyo mapema.

Kwa sababu hiyo, utafiti wa mwaka wa tatu usiuchukulie kama kazi ya kumalizia shahada tu. Huo ndio utakaoubeba kwenye usaili. Chagua swali dogo ambalo data yake unaweza kuipata kwa nauli yako mwenyewe: jinsi bei ya mahindi ya Himo inavyofuatana na ya mpakani Holili, au iwapo wakulima wanaouza ndizi kupitia kikundi hupata bei tofauti na wanaouza peke yao. Andika swali kwa sentensi moja, mwonyeshe msimamizi wako mwishoni mwa mwaka wa pili, na tumia mafunzo kwa vitendo ya likizo kuanza kukusanya data, kwa maana wenzako wengi watakuwa bado wanatafuta mada ya utafiti wakati muhula wa mwisho unaanza. Dodoso lako lijaribu kwa watu wachache kwanza, ukiwauliza kwa Kiswahili cha kawaida, na swali lolote ambalo wawili wameomba ulirudie, liandike upya kabla ya kwenda kwa wengine.